Hori ipi umnunulie sungura wa ndani: za kuwekea nyasi kavu, kuanzia iliyo bora hadi ya kuepuka

Vumbi la nyasi kavu haliletwi na hori, wala hori haiwezi kuliondoa. Linakuja na robota kutoka shambani: udongo, chavua, majani yaliyopondeka na, nyasi zikifungwa kabla hazijakauka vizuri, ukungu. Kwa hiyo nitaanza na nyasi zenyewe, halafu nitapanga vifaa vya kuziwekea kwa ubora wake.

Vumbi hilo si suala la usafi wa sakafu tu. Sungura huvuta hewa kwa pua. Ukimwona anahema kwa mdomo, hiyo ni dharura. Wakati huohuo hawezi kukaa mbali na nyasi, maana ndizo takribani asilimia 80 ya chakula chake, na kila siku anahitaji rundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake. Meno yake huota maisha yote, yale ya mbele kwa milimita 2 hivi kila wiki, na hupunguzwa kwa kutafuna. Utumbo wake nao unategemea nyuzi hizo ili usisimame. Kifaa kinachoacha chumba kikiwa safi huku sungura akila kidogo ni kifaa kibaya, hata kikipendeza namna gani.

Kwanza, nyasi

Usiangalie juu ya mfuko, angalia chini. Unga wote hushukia huko, na mfuko unaoonyesha kilichomo utakuambia ukweli kabla hujalipa. Tafuta nyuzi ndefu, rangi ya kijani iliyofifia kidogo na harufu tamu ya majani. Chukua konzi moja, itikise juu ya kitambaa cheusi, uone kinachoanguka. Unga kidogo ni kawaida. Likitoka wingu la vumbi, au harufu ikiwa ya uvundo, rudisha. Nyasi zenye ukungu hazitikiswi wala haziokolewi, zinatupwa.

Zilizoshindiliwa sana kuwa vipande vigumu zinafaa kwa mwenye nafasi ndogo, lakini kushindilia huvunja majani, na ukivifungua utapata unga mwingi kuliko kwenye mfuko uliojazwa kwa ulegevu. Maneno "vumbi limepunguzwa" kwenye mfuko yana maana, ila safari na kubebwa huku na kule huzalisha vumbi jipya, kwa hiyo jaribio la kitambaa bado linahitajika. Timothi na nyasi nyingine za malisho ndizo za kila siku kwa sungura mzima. Lusini (alfalfa) iwe ya wanaokua na wanaonyonyesha: ina kalisi na protini nyingi mno kwa mzima mwenye afya, na majani yake hupukutika upesi, hivyo huacha unga zaidi.

Nafasi ya 1: hori ya mbao inayokaa juu ya beseni la choo

Hapa ndipo ningeweka fedha. Sungura hupenda kula huku akijisaidia, na hori hii inaitumia tabia hiyo badala ya kupambana nayo. Nyasi zinazodondoka zinaangukia kwenye beseni. Mwenye nyumba anafagia kidogo, sungura anakula zaidi, na choo kinakaa mahali pamoja.

Unapochagua, angalia mambo matatu. Mbao zisiwe na rangi wala vanishi, kwa sababu atazitafuna, na misumari isichomoze. Mdomo wa hori uwe usawa wa kifua chake. Hori iliyo juu ya kichwa humwangushia unga machoni na puani. Halafu nafasi kati ya vijiti: ama iwe ndogo kiasi cha kupitisha midomo tu, ama iwe pana kiasi kwamba kichwa kizima kinaingia na kutoka bila shida. Iliyo katikati ya hizo mbili ndiyo inayonasa.

Beseni liwe kubwa, sungura ajinyooshe ndani yake, na lenye ukingo mrefu upande wa nyuma. Chini weka tembe za karatasi, si maranda laini ya mbao wala udongo unaoganda ukilowa. Mkojo uliokaa hutoa amonia, ambayo huwasha njia ya hewa kama vumbi linavyofanya, kwa hiyo hori nzuri juu ya choo kichafu haijasaidia kitu. Choo kisafishwe kila siku.

Nafasi ya 2: boksi la kadibodi

Wengi watashangaa kuliona juu kiasi hiki. Ng'oa utepe wa gundi, pini na lebo zote, toboa matundu mapana ubavuni, jaza nyasi, liweke kando ya choo au juu ya trei. Anavuta, anatafuna na boksi lenyewe, anajishughulisha. Likilowa mkojo au likijaa unga chini, linatupwa na jingine linachukua nafasi yake, jambo ambalo hori ya mbao hairuhusu. Kasoro yake ni kwamba halidumu, na sungura mwenye nguvu huligeuza kwa kichwa. Kwa mwenye bajeti ndogo, nunua nyasi bora na utumie boksi. Usifanye kinyume chake.

Nafasi ya 3: hori ya waya ya kutundika

Unga hupita kwenye waya badala ya kujikusanya, na kuiosha ni rahisi. Lakini iwe na kifuniko, la sivyo ataruka aingie ndani na mguu unaweza kunasa. Ikae chini, juu ya beseni. Zile zenye springi ya kubana nyasi ziache.

Nafasi ya 4: mfuko wa kitambaa wenye tundu

Ni msafi kwa macho kuliko vyote, na ndiyo maana hununuliwa sana. Ndani, unga wote hujikusanya chini, mahali sungura anapochomeka pua akitafuta mabaki. Akianza kula nyuzi za kitambaa, uondoe. Ukiutumia, ugeuze nje-ndani na kuukung'uta kabla ya kuujaza upya, na uufue mara kwa mara.

Usinunue: mpira wa waya na wavu

Mpira wa kujaza nyasi huuzwa kama mchezo, lakini kichwa kinaweza kuingia kisitoke. Wavu hunasa kucha, miguu na meno.

Kuhifadhi na kujaza

Usifungie nyasi kwenye plastiki isiyopitisha hewa. Unyevu kidogo tu unatosha kuleta ukungu. Mfuko wa pamba au boksi lenye matundu, mahali pakavu pasipo jua kali, panatosha. Tikisia nyasi nje, sungura akiwa kwingine, na unga wa mwisho wa mfuko usimpe. Sakafuni tumia kitambaa chenye unyevu. Ufagio mkavu hurudisha vumbi hewani. Kwa sungura anayepiga chafya kirahisi unaweza kunyunyizia maji kidogo kwenye nyasi za mlo mmoja, kisha utupe zilizobaki.

Chafya moja moja anapochimba nyasi si ya kutisha. Kamasi, macho yanayotoka majimaji, au manyoya yaliyogandamana upande wa ndani wa miguu ya mbele, anakofutia pua, ni ya daktari wa wanyama, si ya kubadilisha hori. Na ukibadilisha hori, iache ya zamani karibu kwa siku chache, hadi uone rundo kwenye ile mpya linapungua kwa kiasi kilekile.