Nililipia ECHO ya moyo Arusha baada ya kupangiwa miezi mitatu

Nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi. Kazi yangu ni ya kusimama na kubeba, na nimeifanya miaka tisa. Mwaka jana ikafika mahali nikibeba mfuko wa nguo za watoto kutoka kwenye daladala hadi mezani kwangu nasimama mara tatu kutafuta pumzi. Usiku nikilala chali kifua kinabana, naamka nakaa kitandani mpaka kuche. Zahanati niliyoanzia wakasema ni pumu, wakanipa dawa ya kuvuta. Nimeivuta miezi minne, na pumu sina.

Aliyeshtuka ni daktari kijana wa hospitali ya serikali. Aliweka kipimo kifuani akasikiliza muda mrefu, akaniambia, "Mama, kuna sauti kwenye moyo wako ambayo haitakiwi kuwepo." Akaandika nipige ECHO, kile kipimo cha kuuangalia moyo kwenye skrini kwa mawimbi ya sauti. Dirishani nikapewa tarehe ya miezi mitatu mbele. Sikugombana na dada wa pale, maana foleni niliiona kwa macho: watu wametoka Same, Rombo, Mwanga, wengine wamelala nje tangu jana yake, na mashine ni ile ile moja. Ila mimi nilikuwa silali.

Pesa ya mchezo ilikuwa zamu yangu mwezi ule. Kaka yangu anaishi Arusha, akaniulizia kliniki binafsi yenye daktari bingwa wa moyo. Nikapanda Coaster asubuhi, Alhamisi. Saa nne nimefika, saa sita nimeshapimwa. Miezi mitatu dhidi ya saa mbili, na wagonjwa wa pale hawaumwi kuliko wale niliowaacha Moshi. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilicholipa: kumuona bingwa 50,000, kipimo cha umeme wa moyo 30,000, ECHO 150,000. Mapokezi walitaka kwanza nilipie vipimo vya jumla, lehemu, figo, ini, picha ya kifua na vingine, 380,000 kabla hata sijamuona daktari. Nikakataa kwa heshima, nikasema nianze na daktari, atakachoandika ndicho nitalipia. Katika vile vyote daktari aliandika kimoja tu, cha figo. Kama una pesa ya kuhesabu, hapo ndipo pa kusimama imara. Na dawa zao pale pale ndani zilikuwa karibu mara mbili ya bei niliyozipata duka la dawa la mjini.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, anakupitishia kitu kama maiki kifuani. Nilichompendea yule daktari ni kwamba aligeuza skrini nione. Akanionyesha mlango mmoja wa moyo, upande wa kushoto, unaofunguka nusu nusu kama mlango uliovimba wakati wa masika. Kwa mtu mzima mwenye afya, tundu lake linafika sentimita za mraba 4 hadi 6. Langu lilikuwa 1.1. Damu inakwama pale, inarudi kujaa kwenye mapafu, ndiyo maana nikilala nakosa pumzi.

Akaniuliza kama utotoni nilikuwa naugua koo. Nilicheka, nikamwambia mafindofindo ndiyo yalikuwa ugonjwa wangu, mama alikuwa ananisukutuza maji ya chumvi na yanaisha. Akanieleza kwamba hayaishi hivyo kila mara. Wapo wadudu wa koo ambao wasipopigwa kwa dawa, mwili unapopambana nao unaugeukia moyo wenyewe, na milango yake inaharibika taratibu kwa miaka. Akauliza pia kuhusu mimba, nami nikakumbuka kwamba pumzi ilinisumbua kwa mara ya kwanza nikiwa na ujauzito wa mwisho, nikadhani ni uzito. Kumbe mimba huongeza damu mwilini, na mlango mwembamba hauwezi kuipitisha yote. Akanikataza kabisa kubeba mimba nyingine kabla sijatibiwa.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Nilidhani nikishalipa kliniki binafsi nitatibiwa kliniki binafsi. Hapana. Pale walinipa dawa za kupunguza maji na kutuliza mapigo, lakini mlango wenyewe unafunguliwa kwa puto, na kwa hilo aliniambia niende Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, Dar es Salaam. Akaniambia wazi: rudi na majibu haya hospitali yako ya serikali, wao ndio wakuandikie rufaa. Hakuwa na haja ya kuniambia hivyo, nami namshukuru sana. Nikaomba ripoti iliyosainiwa na picha kwenye flashi. Mapokezi walisita, nikasubiri mpaka nikapewa.

Jumatatu nilikuwa Moshi na karatasi mkononi. Yule yule daktari kijana akasoma, akainuka kumwita mkubwa wake, rufaa ikaandikwa siku hiyo hiyo. Ile tarehe ya ECHO nikaenda dirishani kuifuta, apewe mwingine. Kwa hiyo zile 230,000 hazikuninunulia matibabu. Zilininunulia jibu, na jibu ndilo lililofungua mlango wa serikali.

Dar nilifanyiwa baada ya wiki tano. Wanapita na mrija kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo, puto linajazwa pale kwenye mlango, unapanuka. Kifua hakipasuliwi. Gharama ilinizidi, nikapelekwa ustawi wa jamii, wakanihoji kwa adabu, nikapunguziwa. Usiku wa kwanza baada ya hapo nililala chali. Nililia kimya kimya, muuguzi akadhani naumwa.

Sasa kila wiki nne nachoma sindano ya penisilini zahanati ya mtaani, ili wale wadudu wa koo wasirudi kuudhuru moyo. Inauma, mguu unakuwa mzito siku nzima, lakini sijaruka hata moja.

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka saba aliamka na homa, koo linamuuma hata mate hamezi. Saa mbili asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati, meza yangu sokoni imefunikwa turubai.