Draiva ya stepa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Stepa ni mota inayozunguka kwa hatua ndogondogo, na draiva ni bodi ndogo inayoipa mkondo kwa kila hatua. Kabla hujatoa hela, fanya jaribio moja la bure. Zima umeme, chomoa mota kwenye draiva, kamata waya mbili kati ya zile nne, zigusishe, kisha zungusha ekseli kwa vidole. Ikiwa ngumu ghafla, waya hizo mbili ni za koili moja. Ikizunguka kwa wepesi uleule, badilisha waya moja ujaribu tena.

Naanza na hili kwa sababu wengi wanaouliza "ninunue mota gani nyingine?" wana mota nzima kabisa. Inanguruma na kutetemeka bila kuzunguka kwa kuwa waya za koili mbili zimechanganywa, au draiva haikuwekewa mkondo unaofaa, au draiva yenyewe si ya mota ile. Mimi nilishanunua stepa ya pili, nikaifunga, nayo ikanyamaza kama ya kwanza. Kosa lilikuwa kwenye draiva yangu, A4988: pini yake ya RESET ilikuwa inaning'inia bila kuunganishwa popote. Kiwaya kifupi cha kuiunganisha na pini ya SLEEP iliyo jirani yake kiliziamsha mota zote mbili. Sasa nina stepa ya ziada kabatini.

Kwa hiyo hapa tunanunua draiva. Nazipanga kwa kazi ya kawaida: stepa ya NEMA 17, ile ya uso wa milimita 42 na hatua 200 kwa mzunguko, ikiendeshwa na Arduino Uno au ESP32, zile bodi ndogo za kuandikia programu.

Nafasi ya kwanza naipa TMC2209. Utaielewa sababu siku utakapoiwasha, maana utadhani haijawaka. Mota iliyokuwa ikilia kama mashine ya kusaga inazunguka kimya. Chipu hii inagawanya kila hatua hadi vipande 256 kwa ndani, na inaweza kutambua mota ilipokwama, hivyo ukiiunganisha kwa UART (njia ya waya ya kuzungumza na Arduino) unaweza hata kuacha swichi za mwisho wa reli. Dada yake TMC2208 ana ukimya uleule, ila hana uwezo huo wa kutambua kukwama.

Ina mambo yake, hata hivyo. Ukiichomeka mahali pa A4988 bila kugusa programu, mota itakwenda polepole mno na utaanza kulaumu msimbo. Sababu ni kwamba pini za MS1 na MS2, zinazochagua mgawanyo wa hatua, zikiachwa wazi, TMC2209 hugawa hatua kwa 8. Palsi 200 (ishara za kusogeza mota) zilizokuwa zikimaliza mzunguko sasa zinakupa thumuni yake tu. Pia katika hali ya ukimya, ukiikimbiza na mzigo mzito inaweza kupoteza hatua bila hata kukupigia kelele. Na bei yake inaweza kununua A4988 mbili au tatu.

Ndiyo maana A4988 iko ya pili, juu ya DRV8825, ingawa kwenye karatasi DRV8825 ina nguvu zaidi. Kama hujawahi kufunga stepa, utaunguza draiva ya kwanza. Bora uunguze ya bei nafuu. Nunua tatu kwa pamoja, na kila moja na kipoza joto chake, maana bila hicho usiitegemee kupita ampea 1 hivi.

A4988 hukaa kwenye volti 8 hadi 35. Ugonjwa wake mkuu ni kiskrubu kile kidogo cha kurekebisha mkondo. Watu hukopa namba ya Vref, yaani volti inayopimwa kwenye kiskrubu hicho, kwa mwenzao na kuiweka kama ilivyo, bila kuangalia vikinzani viwili vidogo vyeusi vilivyo kwenye bodi yao. Hesabu ni Vref sawa na mkondo mara 8 mara ukinzani huo. Bodi ambayo vikinzani vyake vimeandikwa R100 (omu 0.1) inahitaji volti 0.8 ili itoe ampea 1. Ya R050 (omu 0.05) inahitaji volti 0.4 tu, ukiiweka 0.8 umeiamuru itoe ampea 2, na harufu utaisikia. Kwa hiyo ukiwa dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, soma maandishi hayo kabla ya kulipa. Tumia tochi ya simu.

DRV8825 inafuata. Inafika volti 45, inagawa hatua hadi 32, na inabeba takriban ampea 1.5 bila kipoza joto. Kama una umeme wa volti 24 na mota inayohitaji mkondo mkubwa kidogo, itakufaa kuliko A4988. Lakini kiskrubu chake kiko kwenye ncha nyingine ya bodi. Aliyezoea A4988 huangalia kiskrubu, akaichomeka kinyumenyume, na habari ikaishia hapo. Fuata jina la pini ya ENABLE, kiskrubu kisikudanganye. Kwa mwendo wa taratibu sana, mota nyingine hurukaruka juu ya DRV8825 badala ya kuteleza. Kwa kitelezi cha kamera hilo linaonekana kwenye picha.

Zote tatu zinataka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu kabisa na pini za VMOT na GND (chanya na hasi za umeme wa mota), na GND ya Arduino iungane na ya draiva. Na usichomoe waya ya mota umeme ukiwa umewaka. Draiva nyingi zinazodaiwa "zilikuja mbovu" zimefia hapo.

Kuhusu umeme wenyewe: mota nyingi za NEMA 17 zimeandikwa volti 2 au 3, na mnunuzi huenda kutafuta adapta ya volti 3. Usifanye hivyo. Draiva hizi zinadhibiti mkondo zenyewe, kwa hiyo nunua ya volti 12, au 24 kama unataka mwendo wa kasi, na usiichote kamwe kwenye pini ya 5V ya Arduino.

Mota ikiwa kubwa, NEMA 23 kwa mfano, ondoka kwenye bodi hizi ndogo, uende kwenye draiva za boksi. TB6600 ndiyo ya bei nafuu, ila chini ya kifuniko cha nyingi kuna chipu nyingine kabisa, kwa hiyo zile ampea 4 zilizoandikwa juu usizichukulie kama ahadi. DM542 inagharimu zaidi na mimi ningeongeza hiyo hela. Mwenye ESP32 ajue kuwa ingizo za maboksi haya zimetengenezwa kwa volti 5, kwa 3.3 mota inaweza kukaa kimya au kuruka hatua, na dawa ni bodi ndogo ya kupandisha volti.

Kale kamota kadogo ka 28BYJ-48 huja na draiva yake ya ULN2003, hakuna cha kuchagua. Kakitetemeka tu, andika pini kwenye programu kwa mpangilio wa IN1, IN3, IN2, IN4.

Ya mwisho ni L298N, nayo ndiyo utakayoonyeshwa kwanza dukani. Haina njia yake ya kudhibiti mkondo, na inakula volti 2 hivi njiani. Chukua mota yenye koili ya omu 1.5 na umeme wa volti 12: zinabaki volti 10, na hesabu inadai ampea 6.7 kwenye chipu ya ampea 2. Kama unayo tayari, iwekee kigari cha mota mbili za kawaida. Huko inafanya kazi vizuri.