Zahanati ya kijijini kwetu: ndani nyota nne, njiani nyota mbili

Nianze na gharama, maana najua ndiyo mnayotafuta. Mama yangu ana miaka 74 na presha. Siku yake ya kliniki kwenye zahanati hii inanigharimu nauli ya bodaboda kwenda na kurudi tu, ingawa masika vijana wanaipandisha kwa sababu ya utelezi na siwalaumu. Kabla haijafunguliwa tulikuwa tunashuka naye Moshi mjini. Saa 11 alfajiri tuko barabarani tunasubiri gari la abiria, Noah, saa 9 mchana ndiyo tunatoka dirisha la dawa, na siku hiyo pale soko la Mbuyuni sijauza hata mkungu mmoja wa ndizi.

Jina la kijiji naliacha. Ni huku juu migombani, Moshi Vijijini, na mtu wa huku akifika aya ya tatu atakuwa ameshajua.

Mwaka 2007 serikali ilikuja na MMAM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Sisi tukaitikia. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ukawa kila Jumamosi, wanaume mawe, wanawake mchanga na maji, asiyefika analipa faini kwa balozi wa nyumba kumi. Boma, yaani kuta tupu za zahanati, likapanda hadi usawa wa lenta, likaishia hapo. Lilikaa miaka mingi mpaka mipapai ikaota ndani na mbuzi wa jirani akazalia kwenye chumba ambacho leo ndicho cha kujifungulia. Sisemi kwa kuchekesha, niliwaona watoto wake wawili kwa macho yangu. Lililotutoa pale ni Krismasi. Desemba watu wetu wa Dar wanapanda na magari, wanakuta boma lilelile la mwaka jana, wanaona aibu. Mwaka mmoja walikaa baada ya ibada wakachangishana mabati papo hapo, kila ukoo unataka kuushinda ukoo wa pili. Paa lilipokaa, halmashauri nayo ikaleta milango, vitanda, jokofu la chanjo na watumishi.

Sasa kuhusu mahali lilipojengwa, na hapa ndipo ninapotoa nyota mbili. Huku kihamba, shamba la migomba la ukoo, hakiuzwi. Makaburi ya babu yamo humo, mgomba wa bibi umo humo, na kila kipande kina kijana anayekisubiri. Ukoo mmoja ulijitolea eneo, tukashukuru, lakini eneo lenyewe ni ukingoni mwa korongo, mahali ambapo hata majani ya ng'ombe yalikuwa yanakatwa kwa kamba kiunoni. Mkutano wa kijiji ukapitisha kwa sababu lilikuwa la bure. Matokeo yake, jengo lina ule mteremko wa saruji wa viti vya magurudumu, umejengwa vizuri kabisa, na vyuma vya kushikilia vimepakwa rangi ya bluu. Ila ili uufikie, lazima kwanza ushuke hatua kama sitini za udongo mwekundu zisizo na cha kushika. Aprili mama yangu alishuka kwa makalio, kanga imefungwa kiunoni, ananiambia nisimtazame.

Mkifika chini, mambo yanabadilika.

Nesi wa kliniki ya presha na sukari ni Mpare aliyeolewa huku Uchaggani, kwa hiyo utani hauishi. Wazee wanamuuliza kama dawa anazipunguza apeleke kwao Same, naye anawajibu kwamba Mchagga haibiwi, anaweza tu kuuziwa. Lakini kwenye kipimo hana utani. Siku ya kwanza tulifika tunahema kutoka mlimani, mama akanyoosha mkono palepale juu ya sweta mbili, kama alivyozoea mjini. Nesi akasema, "Shikamoo bibi. Kaa kwanza, tutapima baadaye." Akamweka kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini, asiikunje moja juu ya nyingine. Dakika tano bila kuongea, na kumnyamazisha mama yangu dakika tano ni kazi ya kulipiwa posho. Kisha akamvua mkono mmoja wa sweta, akauweka juu ya meza usawa wa kifua, akapima. Akasubiri kidogo, akapima tena. 178 kwa 96. Kumbukeni 140 kwa 90 ndipo wanapoanza kuita presha.

Tabibu akaandika dawa kwenye daftari, ileile aliyokuwa anatumia. Huku bado kila mgonjwa anakuja na daftari lake la mistari, na la mama lina jalada la mchezaji mpira nisiyemjua. Ningedhani tumemaliza. Nesi akaturudisha akamuuliza mama anakula nini. Mama akajibu kwa fahari kwamba chumvi aliiacha siku nyingi, aliambiwa mjini akatii, hata kwenye mtori wa ndizi haweki. Ni kweli, mimi ni shahidi, mtori wa mama yangu sasa hauna ladha ya kitu chochote.

"Na kiburu je, bibi?"

"Kiburu nakula." Kiburu ni ndizi zilizopikwa na maharage.

"Maharage yanaivaje?"

Mama akanyamaza. Nesi akacheka, akasema, "Kwetu makande bila magadi hayaivi. Najua na nyie mnaweka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote hiyo tunanyimana chumvi mezani, na jikoni kuna kopo la magadi linatumika mara tatu kwa wiki kwa mkono wa kukadiria. Nesi akaeleza taratibu kwamba kwenye magadi kuna sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi, na ndiyo inayopandisha presha. Ulimi hauitambui kwa sababu haina ule ukali wa chumvi, lakini mwili hauangalii ladha. Akatoa kijiko cha chai mezani kwake: mtu mzima asizidishe chumvi ya kijiko hiki kwa siku nzima, gramu 5, kwenye vyakula vyote pamoja. Maharage tuyaloweke usiku, maji ya kulowekea tuyamwage, kuni zitaongezeka kidogo. Mama akauliza nani atanunua hizo kuni. Wakanitazama mimi.

Ushauri wa "punguza chumvi" tulishaupata kwenye vituo viwili vikubwa kuliko hiki, vyenye mashine ambazo sijui hata kazi yake. Hakuna aliyeuliza maharage yanaivaje. Kwa swali hilo moja nyota yao ya nne ipo, hata kama kuta zingekuwa za udongo. Mwezi wa tatu baada ya hapo mama alisoma 146 kwa 88, dawa ni ileile.

Kuna pia mazoezi ya wazee, Alhamisi, chini ya mparachichi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayeyasimamia, binti mwenye nguvu na filimbi. Nia ni nzuri, wazee wanapenda kukutana, na wale waliostaafu ofisini yanawafaa kweli. Lakini mtu aliyepanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani kuambiwa ainue mikono mara kumi, mimi hunishinda kutazama. Mama yeye hufika kwa ajili ya chai. Kuna mzee mmoja hupiga mazoezi akiwa amekaa, kofia haijamtoka, naye ndiye anayekuja juu akikosa jina lake kwenye mahudhurio.

Dawa. Za presha nimezikosa mara moja tu. Za sukari jirani yangu amezikosa mara mbili mfululizo, akaandikiwa karatasi aende duka la dawa muhimu, na hapo ndipo unaona watu wanagawana vidonge ili vifike mwisho wa mwezi, jambo ambalo nesi amelikataza mpaka sauti imemkauka. Bima ya CHF iliyoboreshwa, ile ya mfuko wa afya ya jamii, nilijiunga kwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu hadi sita. Ilikuwa bei ya haki kabisa dawa zikiwepo. Zisipokuwepo, kadi ulikuwa unaipepea tu kama feni.

Dirisha la dawa ni kosa la fundi na kamati, na naomba walirekebishe hata kesho. Linatazama benchi la kusubiri, umbali wa hatua tatu. Mtoa dawa akiuliza "hizi za asubuhi na jioni unazimaliza?" benchi zima limeshajua unaumwa nini, na kijijini benchi zima ni shangazi zako. Kuna watu wazima wenye dawa za maisha wanaopita zahanati yetu mlangoni na kulipa nauli mpaka mjini, ili tu wasiitwe pale dirishani. Kwa hao zahanati bado haijajengwa. Pazia na kuhamisha benchi upande wa pili wa ukuta, kazi ya nusu siku.

Usiku hakuna mtu. Nyumba ya mtumishi iko kwenye msingi, imeota magugu, tabibu amepanga chini huko karibu na lami. Bango linasema wanafungua saa 2 asubuhi, na mara nyingi ni kweli, ila siku tabibu akiitwa kikao mnakaa mpaka saa 4 na nesi anafanya kazi za watu watatu. Masika iliyopita binti wa jirani alishikwa na uchungu saa 7 usiku. Alibebwa na bodaboda katikati ya watu wawili, mvua inanyesha, wakaipita zahanati imefungwa kwa kufuli, taa ya nje inawaka vizuri. Walifika hospitali mjini, mtoto yupo, ana afya. Yule kijana wa bodaboda alikataa kupokea nauli.

Mambo mengine kwa haraka: vyoo ni visafi, maji yapo kwa sababu ya tangi kubwa la mvua, kliniki ya watoto na chanjo inakwenda kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Jokofu la chanjo lina sola, linasomwa joto asubuhi na jioni, lisitoke kati ya nyuzi 2 na 8, na karatasi yake imebandikwa ukutani kila mtu anaiona. Napenda kitu kinachobandikwa ukutani. Sanduku la maoni lipo pia, ufunguo wake ulipotea, ndiyo maana naandika hapa.

Kama kijijini kwenu bado mna boma, iwe Hai, Siha au Rombo, msikubali eneo kwa sababu ni la bure. Mchukueni bibi mmoja mwenye magoti mabovu, mwambieni alitembelee siku ya mvua kabla ya mkutano kupiga kura. Nyumba ya nesi iezekwe pamoja na zahanati, siyo baadaye, kwa sababu baadaye ni Krismasi nyingine. Na mtu wa kuchora dirisha la dawa awe amewahi kuumwa kitu asichotaka shangazi yake akijue.

Kamati ya afya imeahidi msaragambo wa kuweka ngazi za mawe na bomba la kushikilia kabla ya mvua za vuli. Nikiziona nitarudi kuongeza nyota moja ya njiani.

Mama amenisikia nikisoma haya kwa sauti. Yeye anasema ni nyota tano, na ameniagiza niandike kwamba nesi alimruhusu magadi kidogo siku za Jumapili. Hakumruhusu. Nilikuwepo.