PARI/GP: programu ya bure ya kuchambua namba kubwa

Ukitaka kujua kama programu ya hesabu inaziweza namba kubwa, ipe 2^67-1. Excel, ukichagua muundo wa Number, itakuonyesha 147573952589676000000, kwa sababu inaonyesha tarakimu 15 tu na nafasi zilizobaki inazijaza sifuri. Namba iliyokuwa witiri imegeuka shufwa, tena hiyo inayoonekana inagawanyika kwa 10. Chochote utakachokokotoa baada ya hapo kinahusu namba nyingine kabisa.

PARI/GP, iliyoanzia Bordeaux, Ufaransa, inatoa tarakimu zote 21: 147573952589676412927. Ni ya bure, na ukishaisakinisha haili bando. Kwenye Ubuntu andika sudo apt install pari-gp, kisha ifungue kwa gp.

Anza na n=2^67-1, halafu factor(n). Papo hapo unapata 193707721 na 761838257287. Mwanahisabati Mfaransa Marin Mersenne aliiorodhesha namba hii kuwa tasa mwaka 1644. Vigawo hivyo viwili vilitolewa hadharani na mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903, bila kompyuta. numdiv(n), yaani idadi ya vigawo, inajibu 4, ukihesabu 1 na n yenyewe. sigma(n)-n inajibu 762031965009, yaani jumla ya vigawo bila n. Jumla hiyo ni ndogo kuliko n, kwa hiyo namba yetu ni pungufu: si kamili (jumla ingelingana na n), wala si ya ziada (jumla ingeizidi n).

Wengi hukosea kwenye kupima utasa. Jaribu kipimo cha Fermat, kinachoangalia kama 2^(n-1) ikigawanywa kwa n inabakiza 1, kwa kuandika Mod(2,n)^(n-1): jibu ni Mod(1, n), kana kwamba n ni tasa! Namba yoyote ya umbo 2^p-1, p ikiwa tasa, hupita kipimo hicho kwa msingi wa 2, hata isipokuwa tasa. Tumia isprime(n), ambayo inajibu 0. Ipo pia ispseudoprime, yenye kasi zaidi. Ikisema 0, namba si tasa, basi. Ikisema 1 kwa namba iliyo chini ya 2^64, jibu ni la uhakika. Juu ya hapo bado si uthibitisho, ndipo unapoita isprime. factor nayo hutoa vigawo vikubwa bila kuvithibitisha, mpaka uandike default(factor_proven,1). Napendekeza uiweke mwanzoni kabisa.

Kujua kama namba ni kipeo cha pili, tumia issquare. Amri ya sqrt inakupa desimali zilizokadiriwa.

Ukiona "the PARI stack overflows!", kumbukumbu iliyotengwa imejaa. Andika default(parisizemax,10^9) kisha rudia amri.

Udhaifu wake ni sura: skrini tupu ya amri na maelezo ya Kiingereza, jambo linaloweza kumkatisha tamaa mwanafunzi mgeni. Na factor ina kikomo. Namba isiyo tasa ya tarakimu 40 inaisha haraka, lakini ikiwa ni zao la namba tasa mbili zinazokaribiana ukubwa, kila tarakimu chache unazoongeza zinarefusha kazi mno. RSA-2048, namba maarufu ya aina hiyo yenye tarakimu 617, usiipe.