Grainda ya bapa ya mtumba, inchi 6 kwa 18: spindo nzima, mirija ya oili imeziba

Kwanza tuelewane: sizungumzii grainda ya mkononi ya kukatia nondo. Hii ni mashine yenye meza inayokwenda na kurudi chini ya jiwe linalozunguka, kazi yake kusaga uso wa chuma hadi uwe bapa kwa kiwango ambacho tupa haitakaa ikufikishe. Kama karakana yako ya nyumbani bado haina leizi (mashine ya kukereza chuma) na mashine ya kutoboa, nunua hizo kwanza, hii itasubiri.

Niliyochukua ni ya kusukuma kwa mkono, jiwe la inchi 7, mota ya fezi tatu. Jina la kiwanda silitaji, kwani mashine ya umri huu huwa imepita mikono mingi kiasi kwamba kibao cha ubavuni hakikuambii kitu. Naipa nyota nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za spindo, yaani mhimili unaozungusha jiwe.

Spindo ndiyo niliyoipima kabla ya kutoa pesa. Nilivua jiwe, nikaegesha ncha ya daili geji (kipimo cha sindano kinachoonyesha mtikisiko mdogo kabisa) kwenye koni yake, nikazungusha kwa mkono taratibu. Sindano haikuhama zaidi ya maikroni 3, yaani elfu tatu za milimita. Nikaisukuma na kuivuta kwa nguvu: haichezi. Kisha tukaiwasha na kuiacha izunguke muda mrefu huku tukipiga soga, nikaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi. Ilikuwa na joto la kuvumilika, na mlio wake ulikuwa uleule tangu mwanzo. Beringi za spindo ya namna hii huwa za jozi iliyolinganishwa, yaani zimechaguliwa zifanane vipimo, na kuzibadilisha ni gharama inayoweza kukaribia bei ya mashine nzima. Halafu mtu anakagua rangi!

Kusafirisha kunataka akili kidogo. Meza imekaa kwa uzito wake tu, upande mmoja juu ya mfereji wa V na upande wa pili juu ya njia bapa, hakuna kinachoishika. Ivue, ibebe peke yake. Kichwa, yaani sehemu inayobeba spindo, kishushe kiegemee gogo la mbao, na kamba ya kunyanyulia ipite kwenye mwili wa mashine, kamwe si kwenye spindo.

Meza ilipotoka ndipo nilipoona mashine imeishi vipi. Chini yake kulikuwa na uji mweusi, oili ya zamani iliyochanganyika na unga wa jiwe, na huo uji unakula chuma kila meza inapopita. Niliufuta kwa mafuta ya taa na vitambaa safi hadi kitambaa kikatoka cheupe. Alama za kukwangua za kiwandani bado zinaonekana vizuri kwenye ncha za njia, katikati zimefifia lakini hazijaisha. Kwa mashine ya mtumba hiyo ni habari njema.

Kilichokula nyota yangu ni mirija inayopeleka oili kwenye njia za meza. Pampu ilikuwa inapiga, kioo kinaonyesha oili ipo, ila njia ya V ya nyuma ilikuwa kavu kabisa. Nilifungua mrija mmoja mmoja, nikapuliza kwa kompresa, na kutoka kwenye mmoja likaruka donge la nta ya kahawia, refu kama punje ya mchele. Baada ya hapo nilikaa nikitazama tundu mpaka tone likatokeza, likavimba, likatiririka. Ukinunua mashine kama hii, usiamini kioo cha pampu. Tazama tundu lenyewe.

Umeme wangu ni wa fezi moja, kwa hiyo nimeweka inveta, kifaa kinachoipa mota fezi tatu kutoka kwenye moja. Inafanya kazi bila shida, lakini hakiki upande wa mzunguko kabla hujafunga jiwe, maana nati ya spindo imetengenezwa ijikaze kwa mzunguko wa upande mmoja tu. Breki ya inveta nimeizima. Jiwe likisimamishwa ghafla, nati inaweza kulegea. Acha lisimame lenyewe, hata likichukua dakika nzima.

Mawe yaliyokuja na mashine niliyagonga kwa mpini wa bisibisi, jiwe likiwa limening'inia kidoleni. Zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio mfu. Moja lilitoa mlio mfu, nikalivunja kwa nyundo palepale asije mtu akalifunga. Kwa vyuma vigumu natumia jiwe jeupe la punje 46, daraja laini la H au I (herufi ndiyo inayoonyesha ugumu wa jiwe): chuma kigumu kinataka jiwe laini ili punje butu zing'oke na mpya zitokeze. Usisahau karatasi nene kati ya flanji (sahani zinazobana jiwe) na jiwe, na usimame pembeni jiwe jipya linapowashwa mara ya kwanza.

Bamba la sumaku, linaloshika chuma juu ya meza, ulisage juu ya mashine yenyewe, baada ya kuisawazisha kwa pima maji na kuiacha itulie. Sumaku iwe imewashwa, jiwe liwe limechongwa upya kwa almasi, na ushuke kidogo sana. Nilipomaliza nilipanga vipande vitano vya chuma, vinne kwenye pembe na kimoja katikati, nikavisaga kwa mpigo mmoja na kuvipima kwa maikromita. Tofauti kati ya kinene na chembamba kabisa ni maikroni 4. Kwa kazi zangu, yaani vibao vya kuinulia kipande kinachotengenezwa na meno ya jiliwa, sina cha kudai.

Kero iliyobaki ni gurudumu la kushusha kichwa. Unageuza alama moja, hakiteremki. Unageuza ya pili, kinashuka zote mbili kwa pamoja. Njia ya wima ambayo kichwa hupita ilipopata oili, kero hiyo ilipungua, haijaisha. Nimefunga daili geji kwenye nguzo, nasoma pale na sio kwenye gurudumu.

Na vumbi! Nasaga kavu, na vumbi lake halifai kufika kwenye leizi wala mapafuni. Navaa barakoa, na mashine nimeiweka kona ya mbali. Kifyonza vumbi cha kawaida usikielekeze moja kwa moja kwenye cheche, kichujio chake kitashika moto. Changu kinavuta kupitia ndoo ya maji, na maji yenyewe nayabadilisha yanapoanza kuwa tope.