Gamu, bakramu au sponji? Uzoefu wangu na tumbo la mkoba wa kitenge

Mkoba wangu wa kwanza wa kitenge ulisimama wima juu ya meza siku mbili nzima, na kila aliyeingia ndani aliusifia. Siku ya tatu nikaenda nao sokoni. Maharage kilo mbili, nyanya, mchicha, maparachichi manne. Nilipoutua nyumbani Nsambya, hapa Kampala, ubavuni palikuwa na mkunjo mrefu uliokatiza maua ya kitenge toka pembe hadi pembe, kama shavu la mtu aliyelalia mkeka. Nikapiga pasi, nikanyunyiza maji, nikapiga tena. Wapi! Kitenge chenyewe kilikuwa kizima. Kilichovunjika kilikuwa ndani.

Cha ndani ninachosema ni kile kitambaa cha kukazia, kinachokaa kati ya kitenge na bitana. Mafundi wengi wanakiita gamu kwa sababu ya gundi yake, na wengine wanakiita hivyo hata kama hakina gundi. Utasikia pia Vilene, ambalo ni jina la biashara la kampuni ya Freudenberg ya Ujerumani, likitajwa kwa bidhaa ambayo Ujerumani haijaiona hata kwenye ramani.

Changu nilikinunua Kiyembe, mtaa wa katikati ya Kampala mnamouzwa vitambaa na vifaa vya ushonaji hadi mtu anasahau alichofuata. Muuzaji alinigongea kipande juu ya kaunta, kikalia ko ko ko kama kadibodi. "Nyabo (yaani mama), hapa hakuna kigumu kuliko hiki." Nami, mshamba wa mikoba, nikaamini kwamba ugumu ndio ubora. Simlaumu sana. Nilimuuliza kigumu, akanipa kigumu.

Tangu siku hiyo nimeushona mkoba uleule mara kadhaa zaidi: upana sentimita 38, kimo 35, kitako 10, kwa cherehani ya Butterfly ya miguu niliyorithi kwa mama. Nilichobadilisha ni cha ndani tu. Kila mmoja nimeubeba wiki kadhaa, sokoni, kwenye teksi, kwenye boda, na kila mmoja umefuliwa.

Nianze na huyo mgumu aliyenivunja moyo. Si kitambaa kilichofumwa. Ni nyuzinyuzi zilizobanwa pamoja, na upande mmoja una vitone vya gundi vinavyong'aa ukivielekeza kwenye mwanga. Kitambaa kilichofumwa kikikunjwa, nyuzi zake husogea kidogo na baadaye zikarudi. Hiki hakina cha kusogeza. Kikikunjwa kimekunjwa. Bado nakinunua, lakini kwa kitako cha mkoba, kwa kikoba kidogo cha simu ambacho hakikunjwi, na vipande vidogo vya kuweka nyuma ya kifungo cha sumaku ili kisichane kitenge mteja anapokivuta kwa nguvu. Ubavuni, hapana.

Wa pili ulikuwa gamu nyepesi iliyofumwa, ile ya kola za mashati. Hapo ndipo nilipopata funzo langu kubwa, na halikuhusu gamu, lilihusu kitenge. Mkoba ulitoka kwa fundi (yaani mimi) ukiwa laini kama shavu, ukafuliwa mara moja, ukaota mapele. Vipovu kila mahali. Nikailaani gamu hadi jirani yangu Mkongo, ambaye ameuza vitenge miaka mingi kuliko nilivyoshona, aliponiuliza swali moja tu: "Dada, kitenge ulikifua kwanza?" Sikukifua. Ningekifuaje kitu kipya kinachonukia duka?

Basi kumbe ule ukakamavu wa kitenge kipya ni dawa ya kiwandani. Gundi ya gamu inaishika ile dawa badala ya pamba, na dawa ikiondoka na maji, gundi inabaki haina pa kushika. Tena pamba yenyewe husinyaa ikifuliwa, gamu haisinyai kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kimoja kinajikunyata juu ya mwenzake. Sasa kila kitenge changu kinaingia kwenye maji ya moto na sabuni kabla hakijaona mkasi. Kinapoteza mng'ao kidogo, ni kweli. Afadhali kiupoteze mikononi mwangu kuliko mikononi mwa mteja.

La pili ni pasi. Gamu haipigwi pasi kama shati. Unaiweka pasi juu, unagandamiza, unahesabu taratibu hadi kumi na mbili au kumi na tano, unainyanyua, unaiweka pembeni yake. Ukiiburuta, gundi iliyoyeyuka inaburutika nayo na kitambaa kinakaa upande. Katikati pawe na kitambaa chepesi chenye unyevu, kisha uache kipande kipoe palepale bila kukigusa, maana gundi hushika inapopoa. Jambo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa mtu asiye na subira kama mimi. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi, nikaazima pasi ya mkaa. Sikushauri. Nusu ya kipande iliungua hadi gundi ikatokeza upande wa pili, nusu nyingine haikushika kabisa, na majivu yakadondoka kwenye bitana nyeupe. Kwa nguo pasi ya mkaa haina mpinzani. Kwa gamu inataka mkono ambao mimi sina.

Nilipofanya yote hayo sawasawa, gamu nyepesi ilishika vizuri, ila mkoba ulikuwa unalala kama soksi. Kwa mkoba wa kukunja na kutia ndani ya mkoba mwingine inafaa. Kwa mkoba wa kusimama, peke yake haitoshi.

Bakramu sitaisemea mengi. Ni pamba iliyokakamazwa kwa wanga, inasimama vizuri ajabu, na ni rafiki wa jua. Nilinyeshewa nayo kwenye boda toka mjini hadi Nsambya, na mvua ya Kampala haina utani. Nilifika na mkoba umelegea kama muhogo uliochemka kupita kiasi. Ulipokauka, ulikauka na umbo la goti langu.

Aliyeshinda ni sponji. Si ile ya godoro. Ni ile nyembamba, unene kama milimita tatu au nne, iliyobandikwa kitambaa laini pande zote mbili. Haina gundi, inashonwa. Na mshindi si sponji peke yake: kitenge kwanza nakipa gamu nyepesi iliyofumwa ili kisivutike, halafu sponji nyuma yake, halafu bitana. Mkoba huo unasimama, unabonyea ukibanwa kwenye teksi kati ya abiria wawili wenye mabega, na ukiuachia unarudi. Nimeukunja makusudi, nimeukalia bila makusudi, nimeufua mara tano. Hauna mkunjo.

Taabu zake nazo zipo. Cherehani inalalamika, kwa hiyo natumia sindano namba 16, mshono mrefu kidogo, na nalegeza mguu wa kukandamiza. Sponji naishikiza kwanza kwenye kitenge kwa mshono wa pembezoni kabisa, kisha nachukua mkasi na kuipunguza yote iliyobaki nje ya mshono huo. Ukiiacha, pembe za kitako zinakuwa nene hadi sindano inakatika. Pini hupinda, natumia vibanio vya kuanikia nguo. Kukauka kunachukua siku mbili za jua. Na bei: kwa fedha ya mita moja ya sponji mara ya mwisho nilikuwa napata zaidi ya mita tatu za gamu nyepesi, na inabidi uulize maduka mengi, maana leo ipo, wiki ijayo haipo.

Ndiyo maana namba mbili wangu ni kitu ambacho hakiuzwi kwenye duka la gamu. Suruali za jinzi za mitumba za soko la Owino, zile zilizochanika magoti ambazo muuzaji anakurushia kwa bei ya soda. Nakata miguu, nafumua mshono, napiga pasi, nashona kama sponji. Mkoba hausimami kama askari, lakini una uzito mzuri mkononi na haujui mkunjo wala mvua. Kwa mkoba wa soko ningechagua jinzi hata kama ningepewa sponji bure. Gunia la plastiki la sukari nalo nimelijaribu, kwa kuwa kila mtu aliniambia. Linapiga kelele kama kaveera, mfuko wa plastiki, kwenye kila hatua, na pasi ikiligusa linayeyuka.

Mara moja tu nimeletewa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho UNESCO iliutangaza ufundi wake kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Shangazi wa bibi harusi alitaka mkoba wa kwenda nao kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa binti. Lubugo halifumwi, linapondwa, kwa hiyo ukilivuta linaachia. Sikuthubutu kulipiga pasi yenye unyevu. Nililishonea juu ya kipande cha shuka kuukuu la pamba, mistari ya mikono umbali wa vidole viwili, ndipo nikaweka sponji. Lilikaa. Mikanda nikaifanya ya ngozi, maana lubugo kwenye mkanda lisingefika hata mlangoni.

Siku hizi nikienda Kiyembe siulizi kigumu. Naomba kipande kidogo, nakifinyanga ndani ya ngumi, nahesabu hadi ishirini, nafungua. Kikibaki na makunyanzi nakirudisha. Yule muuzaji alinicheka mara ya kwanza. Sasa ananikatia kipande cha ngumi kabla sijasema, halafu anaendelea na wateja wengine. Chini ya kitanda nina mita moja na nusu ya sponji iliyoviringishwa kama godoro la mtoto, na miguu sita ya jinzi inayosubiri mkasi.