LibreOffice Base na tarehe za wageni: uzoefu wangu kutoka Lamu

Kazi yangu ni kutunza daftari la wageni katika nyumba moja ya kulala wageni mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, na daftari hilo sasa limo ndani ya LibreOffice Base. Ni programu ya bure ya kutunza data (database), inakaa ndani ya kompyuta yenyewe, na haingoji intaneti ndipo ifunguke. Nataka kuzungumzia tarehe tu, maana katika biashara ya wageni tarehe ndiyo roho ya kila kitu, na hapo ndipo Base inapokufurahisha au kukutoa jasho, kutegemea umeianzaje.

Huku kwetu siku ya kufika mgeni ina shughuli yake. Wa ndege hushukia uwanja wa Manda, ng'ambo ya mkondo, na mashua inatakiwa iwe imeshafunga gatini. Wa basi huishia Mokowe, na huko nako anahitaji kupokewa. Chumba kitandikwe, samaki aagizwe, punda wa mizigo awekwe tayari. Siku ikikosewa, yote hayo yamepotea na mgeni kasimama gatini na mabegi yake.

Mkorogo mkubwa huletwa na mpangilio wa siku na mwezi. Mkenya akiandika 05/07/2025 anakusudia tarehe tano Julai. Mmarekani akiandika vivyo hivyo, yeye anasema saba Mei. Kuna wakala mmoja aliyekuwa akituletea orodha ya bukingi kwenye faili, tarehe zote zikiwa za Kimarekani, na kompyuta yetu inasoma siku kwanza. Faili lilipofunguliwa, tarehe zikagawanyika makundi mawili. Zile ambazo siku yake haizidi 12 ziligeuzwa kimyakimya, mwezi ukawa siku na siku ikawa mwezi, na kwa macho zinaonekana safi kabisa. Zile ambazo siku yake imepita 12 hazikueleweka, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi zikabaki kuwa maandishi. Alama ya kuzitambua ni hii: tarehe ya kweli huegemea kulia mwa kisanduku, na maandishi huegemea kushoto. Ukiona safu moja (column) ina zinazoegemea huku na huku, usiendelee. Hata zile zilizo kulia usiziamini.

Dawa yake ipo, nayo ni nzuri. Faili la maandishi likifunguliwa kwa Calc, programu ya majedwali ya hesabu ambayo ni ndugu wa Base, hutokea dirisha la kuingiza data. Bofya safu ya tarehe, kisha kwenye aina ya safu chagua Date (MDY), yaani unaiambia kwamba humu mwezi umetangulia. Calc inazisoma zote sawasawa, na ukizinakili kwenda Base zinaingia kama tarehe halisi. Lazima lifanyike wakati wa kufungua faili. Ukingoja baadaye, za kundi la kwanza zimeshageuka na hutazijua tena.

Kabla ya kutengeneza jedwali lolote, nenda menyu ya Tools, kisha Options, ufungue sehemu ya lugha. Pale penye Locale setting ndipo penye uamuzi wote. Ikiwa imewekwa Kiingereza cha Marekani, programu inatarajia mwezi kwanza, na kisanduku cha Date acceptance patterns kitaonyesha M/D/Y. Ukiweka Kiingereza cha Uingereza inakuwa D/M/Y. Kompyuta nyingi zinazouzwa huku zinakuja na mpangilio wa Kimarekani na mwenye nazo hana habari, kwa hivyo wafanyakazi wawili wa ofisi moja wanaweza kuandika kitu kimoja na kikahifadhiwa kama siku mbili tofauti. Jambo ninalolipenda sana ni kwamba, kwa mpangilio wowote ule, LibreOffice hukubali mwaka ukitangulia: 2025-07-05 ni tarehe tano Julai popote pale. Mgeni akipiga simu na mimi nina haraka, ndivyo ninavyoandika.

Tahadhari nyingine ni ya msimu wa kaskazi, wageni wanapokuwa wengi. Mwezi wa Desemba tunaandika bukingi za Januari. Ukiandika 3/1 pasi na mwaka, programu hujaza mwaka ulio nao sasa, na mgeni wako anakuwa alishakuja miezi kumi na moja nyuma. Andika mwaka, na uandike tarakimu zote nne.

Sasa tuje kwenye muundo wenyewe. Ndani ya jedwali, safu lazima iwe ya aina ya Date, si Text. Nimeona watu wakitumia Text kwa sababu inakubali lolote, kisha wakiipanga, 02/11/2024 inakaa mbele ya 15/03/2024, maana herufi zinalinganishwa kuanzia kushoto. Safu ikiwa ya Date, Base huhifadhi siku yenyewe, na muundo, yaani namna tarehe inavyoonekana, ni kanzu tu: waibadilisha utakavyo na aliyeivaa ni yule yule. Hakuna bukingi itakayohama siku kwa sababu umechagua DD/MM/YYYY badala ya YYYY-MM-DD.

Lakini kanzu hiyo haihami na mwenyewe. Muundo uliouweka kwenye jedwali usitegemee kuukuta kwenye fomu, wala ule wa fomu usitegemee kuukuta kwenye ripoti. Kila mahali pana pa kuwekea pake. Kwa anayeanza hili linachosha, na kwangu ndilo doa kubwa la programu hii. Kwenye jedwali utaingia katika hali ya kuhariri, ubofye safu, ushuke mpaka Format example. Kwenye fomu utafungua sifa za kisanduku na kutafuta Date format, ambako kuna orodha ya miundo iliyokwisha tayarishwa. Mimi nimechagua DD/MM/YYYY nikaliacha lile la Standard, kwa sababu Standard hufuata mpangilio wa kompyuta husika, na fomu hii hufunguliwa kwenye kompyuta zaidi ya moja. Hapo hapo washa Dropdown, kalenda ndogo itajitokeza na mtu ataichagua siku kwa kubofya. Kijana wetu wa mapokezi hatumii njia nyingine. Kuna pia Date min., ambayo ukiiwekea tarehe, kisanduku hakipokei iliyo nyuma yake.

Orodha ile ya fomu haina nafasi ya muundo wa kujitungia. Ukitaka jina la siku na la mwezi, badilisha kisanduku kiwe Formatted field, ufungue Formatting, uchague lugha ya Kiswahili, kisha uandike NNN, D MMMM YYYY. Matokeo yake ni Jumamosi, 14 Juni 2025. Mimi nimeuweka kwenye ripoti ninayomchapishia nahodha kila jioni. Yeye ni mtu mzima, hataki mikwaju (/) na tarakimu. Zamani alikuwa haachi kuuliza, "Mwanangu, huyu wa kumi na nne ni siku gani?" nami nijibu, "Ami, ni Jumamosi." Tangu karatasi iwe na jina la siku, anaisoma mwenyewe, anaikunja na kuitia mfukoni. Kwa jambo hili peke yake ningeipa programu nyota zake.

Kuhesabu malazi kunakuwa rahisi tarehe zikiwa za kweli. Katika ulizo (query) naandika DATEDIFF('dd', "Kuingia", "Kutoka") na idadi ya usiku inatoka. Hii ni kwa injini ya HSQLDB inayokuja ndani ya Base, na ni vyema kuwasha ile alama ya kuendesha SQL, lugha ya kuiamrisha database, moja kwa moja. Ukitaka wageni wa kuanzia siku fulani, tarehe ndani ya SQL huandikwa '2025-11-01', mwaka mbele, hata kama jedwali lako linaonyesha siku mbele. Ipo kinga nyingine ambayo naona kila mwenye nyumba ya wageni aiweke. Fungua Tools, kisha SQL, uandike: ALTER TABLE "Wageni" ADD CONSTRAINT "siku_sawa" CHECK ("Kutoka" > "Kuingia"). Baada ya hapo Base inakataa bukingi ambayo mgeni anaondoka kabla hajafika. Orodha ile ya wakala ingenaswa papo hapo kwa baadhi ya wageni wake.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike haya yote. Wageni wengi wa kwetu hawaji kwa Julai wala Desemba, wanakuja kwa Maulidi, katika Mfungo Sita. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hivyo Maulidi hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka wa kizungu. Mtu anaaga hapa barazani anasema, "Niwekee chumba kile kile Maulidi ya mwakani," na mimi nataka kujua hiyo ni lini. LibreOffice inaijua kalenda ya Hijria. Kwenye dirisha la Formatting chagua lugha mojawapo ya Kiarabu, maana kalenda hiyo imefungwa na lugha hizo, kisha andika [~hijri]DD/MM/YYYY. Tarehe ile ile iliyohifadhiwa sasa inaonekana kwa Hijria, mwezi wa 03 ukiwa ndio Mfungo Sita. Fomu yangu ina visanduku viwili vilivyofungwa kwenye safu moja ya Kuingia, kimoja cha Julai na Agosti za kawaida, cha pili cha Hijria, na ukibadilisha kimoja cha pili kinafuata. Ukiandika MMMM badala ya MM, jina la mwezi huja kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo hapa halimsumbui mtu.

Hiyo ni hesabu, na mwezi huku unaandama kwa kuonekana, kwa hivyo inaweza kupishana kwa siku moja. Bukingi za Maulidi naziwekea alama ya kungoja mpaka mwezi uandame, na mgeni naye namwambia hivyo tangu mwanzo ili asikate tiketi ya ndege ya kubana.

Wanaotumia Microsoft Access wataniambia yao nayo inafanya kazi, na ni kweli, ila inataka Windows, na ndani ya SQL yake tarehe za mikwaju zilizotiwa kati ya alama za # husomwa mwezi kwanza hata kama kompyuta imewekwa siku kwanza. Ofisi yetu ina kompyuta moja ya Windows na moja ya Linux, na faili la Base linafunguka kote kuwili. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku muundo utakapowekwa mahali pamoja na kufuatwa na fomu na ripoti zote.